Mshubiri Huyu

Kaburi la mama yangu halikuwa na jiwe. Kule kwa bibi, Ruvuma inapokaribia kuingia baharini, ardhi ni mchanga mtupu, na jiwe la kuweka kaburini lilikuwa la kufuatwa mbali. Mama alipokufa, wajomba wa kulifuata walikuwa wameshatangulia wenyewe. Bibi akachimbua mshubiri mmoja kwenye ua wake, akaupanda juu ya kaburi la binti yake, akaumwagia maji. Picha ya mama hatukuwa nayo, na nguo zake waligawana ndugu. Ukinitoa mimi, kilichobaki cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwapo duniani kilikuwa ule mshubiri.

Asiyeujua mshubiri nitamweleza. Majani yake ni manene, yana miiba pembeni, na ukilikata moja hutoa maji ya manjano machungu. Kuku wakiugua, jani hukatwakatwa likatiwa kwenye maji yao ya kunywa. Mama anayetaka kumwachisha mtoto ziwa hujipaka yale maji kwenye chuchu. Mtoto akionja mara moja harudi tena. Ndiyo maana tukitaka kusema kitu kimezidi uchungu tunasema ni kichungu kama shubiri. Mimi sikupakiwa shubiri. Mama alikufa nikiwa bado nanyonya. Jambo hilo linanikasirisha mpaka leo, mtu mzima mwenye wajukuu, na najua fika kwamba hakuna wa kumkasirikia.

Nililelewa Mikindani kwa baba, aliyekuwa akinunua na kuuza ng'onda, wale samaki wa kukausha. Mke wake alinitunza vizuri, sina la kumlaumu. Lakini kila likizo ya shule nilipelekwa kwa bibi, maana kwa watu wa upande wa mama mtoto ni wa ukoo wa mama, na bibi hakutaka watu wa Mikindani wajisahau. Nilikwenda na lori la korosho mpaka linapoishia, halafu kwa miguu.

Kila kipupwe mshubiri wa mama ulitoa kikonyo kirefu chenye maua mekundu yaliyoning'inia, na chozi wakaja kuyanyonya. Chozi ni ndege mdogo kuliko kidole gumba cha mvuvi, mdomo wake mwembamba umepinda, na dume akipigwa na jua hung'aa kijani na zambarau. Haimbi kwa mbwembwe. Hupiga kelele nyembamba za harakaharaka, kama mtu anayehesabu akihofia kukatizwa. Bibi alikuwa akizisikia tangu jikoni.

"Nke mwenzangu," ananiita, kwa ulimi wake wa Kimakonde uliogeuza m kuwa n, "nenda katazame kama mama yako ana wageni."

Wageni ndio hao chozi. Neno kaburi bibi hakulitumia hata siku moja kwa mama. Alisema "kwa mama yako", kama vile ni nyumba ya tatu kutoka hapo. Nilipokuwa mdogo sana aliniambia kuna chozi kwa mama yangu, nami nikaenda nikapiga magoti nikautazama mchanga, nikitafuta palipolowa. Ndege akaruka juu ya kichwa changu, nikarudi kumwambia bibi kwamba chozi sikuliona, ila kulikuwa na kindege. Alicheka mpaka akakaa chini. Kichekesho hicho alikisimulia kwa kila mgeni, na mimi kila mara nilinuna.

Shuleni ndiko nilikoelezwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisimama mbele ya ubao akasema: chozi hili limenidondoka, chozi huyu ameruka. Neno moja, ngeli mbili. Lile la jichoni linakwenda na vitu, huyu wa mtini anakwenda na watu, kwa kuwa ana uhai na anajongea. Miti nayo ina uhai, lakini haiendi popote, basi ina ngeli yake ya huu na hii. Wenzangu walipiga miayo. Mimi niliona kama nimefunguliwa dirisha. Kumbe ulimwengu wote ulikuwa umeshapangwa, kila kitu na kundi lake, na mpangilio wenyewe ulikuwa mdomoni mwangu siku zote!

Kuanzia hapo hakukukalika nami. Nilisahihisha ngeli za kila mtu. Nilimsahihisha baba mbele ya wateja wake. Nilimsahihisha muuza maandazi, akaacha kuniuzia. Mtwara pana kazi hiyo, maana watu wengi wamekikuta Kiswahili wakiwa wameshajaa lugha nyingine, na utasikia "ndege hii" na "mtoto hii" kutwa nzima. Mpaka leo masikio yangu hayajajifunza kuvumilia, na sioni kwa nini yajifunze.

Bibi naye hakupona. Kiswahili kwake kilikuwa nguo ya kwendea mjini. Lakini ngeli za miti alizijua: alisema nhogo huu, nkorosho huu, nti huu, sawasawa kabisa. Ila mshubiri wa mama. Ile mingine iliyokuwa uani aliisema "hii". Wa mama aliusema "huyu".

"Bibi, ni mshubiri huu. Mti hauwi huyu."

"Hiyo ya uani ni hii. Huyu ni huyu."

"Ngeli haibadiliki kwa sababu umeupenda."

"Haya, mwalimu," akasema, na mimi sikuwa hata mwalimu bado. "Nenda kammwagie maji."

Kammwagie. Nilikwenda, nikaumwagia.

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa mwalimu kweli, shule ya msingi pembezoni mwa mji, upande wa Likombe. Nilipewa Kiswahili na, kwa kuwa hakukuwa na mwingine, sayansi pia. Kitabu cha sayansi nilichokitegemea kilikuwa cha Kiingereza na tulifundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo kila jioni nilikaa nikitafuta maneno. Kulikuwa na somo la kulinganisha mmea na mnyama wa mazingira yetu: kila mmoja ni wa kundi gani, na hali yake ikoje, anaongezeka au anapungua, analindwa au halindwi. Kitabu kilitoa mfano wa ua na ndege wa Ulaya ambao hakuna mtu Likombe angewahi kukutana nao. Nikawafuta. Nikaandika ubaoni, kushoto mshubiri, kulia chozi.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Huu ni mmea, huyu ni mnyama. Mmea wenyewe ni wa wale ambao mbegu zao huanza na jani moja, kama mhindi na mnazi. Mnyama ni ndege, tena wa lile kundi kubwa la ndege wanaotua vijitini na kuimba. Nikawaambia kwamba kwa mujibu wa wataalamu kunguru naye yumo kundi hilo hilo la waimbaji. Darasa likaangua kicheko, na nilishindwa kulituliza kwa muda, kwa sababu kunguru mwenyewe alikuwa juu ya paa la darasa akiimba.

Tulipofika kwenye ukoo, kitabu kiliuweka mshubiri pamoja na kitunguu. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ukoo wa kwa mama au wa kwa baba?"

Hakuwa akifanya mzaha. Nusu ya darasa walihesabiwa kwa mama na nusu kwa baba, na wapo waliokuwa wakigombewa na pande zote mbili. Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Basi kitabu hicho hakijakamilika," akasema, akakaa.

Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba wataalamu wameutoa mshubiri kwenye ukoo wa vitunguu wakaupeleka kwingine. Sikushangaa. Mwalimu wa serikali anajua uhamisho.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa hali, na hapo ndipo nilipokwama. Kwa bahati bwana nyama, mtu wa idara ya wanyamapori, alipita shuleni wiki hiyo kuzungumza na watoto juu ya tembo na viboko wa Ruvuma, nikamdaka kabla hajapanda baiskeli yake. Nikamuuliza kama chozi analindwa.

"Ndege wa porini ni wa serikali, Mwalimu. Hakamatwi bila kibali."

"Hata huyu mdogo hivi?"

"Sheria haipimi kilo."

"Na mshubiri?"

Akatikisa kichwa. "Huo si wangu. Muulize bwana shamba."

Kwa hiyo upande wa chozi niliandika "analindwa", na upande wa mshubiri nikaacha wazi. Watoto walinakili hivyo hivyo, na uwazi wake. Siku hizi naambiwa mambo yamegeuka: mishubiri ya porini haivushwi mpaka bila kibali, na chozi wetu wa kawaida wamejaa tele, hakuna anayewahofia. Lakini siku zile ndege alikuwa na mwenyewe ofisini, na mmea haukuwa na mtu.

Nilimuuliza bwana shamba nilipomwona kwa bibi, likizo iliyofuata. Alikuwa kijana wa kutoka kaskazini, mwenye Kiswahili safi cha shule, na nilimpenda kwa hilo kabla sijamjua. Wakati huo watu wa mashamba yale walikuwa wakihamishwa wakae pamoja katika kijiji kipya, mbali kidogo na mto, maana ng'ambo kulikuwa na vita na Wareno na milio ilivuka. Bibi alipewa kiwanja kwenye mstari wa nyumba mpya. Mahame yake yakawa sehemu ya shamba la kijiji, la kupandwa mikorosho.

"Mshubiri?" akasema bwana shamba. "Huo ni gugu, Mwalimu. Kwangu, usichokipanda kwa mpango ni gugu." Akacheka, mimi nikacheka naye. Nikamuuliza makaburi je, akanijibu kwa uso wa heshima kwamba makaburi hayaguswi, na kwamba kabla ya kufyeka atamwomba bibi mwenyewe apite mbele ayaonyeshe. Nikaridhika. Bibi alikuwa akiyajua yote, na alikuwa na mdomo. Nikarudi Likombe.

Walifyeka kipupwe kilichofuata, juma lile lile nililokuwa natarajiwa kufika. Yaliyotokea niliyapata kwa bibi na kwa bwana shamba, na kwa jambo hili hawakutofautiana hata neno moja.

Bibi alipita mbele na fimbo yake, vijana wakimfuata na mapanga. Alionyesha kaburi la babu: lina mawe, wakasimika mti wa alama. Akaonyesha ya wajomba: yana mawe, wakasimika miti. Wakafika kwa mama. Mchanga ulikuwa sawasawa, nyasi zimeota, na juu ya maua ya mshubiri alikuwapo chozi dume, amejishikiza kichwa chini, ananyonya.

Bibi akanyoosha fimbo. "Na huyu. Huyu mwacheni, jamani. Hana kosa."

Vijana wakatazama. Bwana shamba akatazama. Akatabasamu, akamwambia, "Hatumgusi, Bibi. Huyu ni wa bwana nyama."

Bibi hakuelewa bwana nyama anaingiaje hapo, lakini "hatumgusi" alilielewa. Akawashukuru, akaenda zake kuswali adhuhuri. Nao, watu waungwana, walisubiri. Bwana shamba aliwazuia vijana wasipige kelele mpaka chozi alipomaliza kula na kuruka mwenyewe. Ndipo wakaung'oa mshubiri.

Nilifika kesho yake mchana. Nilipotokeza kwenye mahame nilidhani nimepotea njia. Pamekuwa peupe. Bwana shamba alikuwa akinyoosha kamba ya kupimia mistari ya mikorosho, na vijiti vimesimama kimoja kimoja mpaka mwisho wa macho. Nilitafuta mshubiri wa mama nikaona mchanga uliopigwa jembe.

Sitayaandika yote niliyomwambia yule kijana. Nilimwambia amemfukua mama yangu. Nilimwambia huko alikotoka hawana mama. Vijana waliacha majembe wakatusikiliza. Yeye alisimama na kamba yake mkononi akanisubiri nimalize, kisha akanieleza, polepole, alivyosikia na alivyoona.

"Mwalimu, alisema huyu," akasema. "Ningejuaje? Mti ni huu."

Alikuwa sahihi. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Nikakaa pale pale mchangani na machozi yakanitoka, yale ya kwenda na vitu, na sikujali nani ananitazama.

Magugu yote ya mahame walikuwa wameyarundika pembeni ili yakauke yachomwe. Mishubiri ilikuwa mingi humo: ya uani kwa bibi, ya porini, yote imechanganyika, vikonyo vimevunjika, mizizi juu. Mshubiri haufi upesi. Unaweza kukaa umeng'olewa mwezi mzima na ukipandwa ukashika. Kwa hiyo wa mama ulikuwa humo, mzima. Niliupekua ule mrundo mpaka mikono ikajaa miiba na maji ya manjano. Mirefu kama wake ilikuwa mingi, na yote ilifanana. Mshubiri ni jina la aina nzima, nilikuwa nimelifundisha hivyo mwenyewe: ukiwa na mmoja unao wote, na ukipotea mmoja haujapotea. Ungeniuliza siku ile hali ya mshubiri katika pwani yetu, ningekujibu kwamba umejaa tele na hauna hofu yoyote. Mimi nilikuwa nataka mmoja.

Bibi akaja, ameitwa na mtu. Hakupiga kelele. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo alichuchumaa akaanza kuipapasa, mmoja baada ya mwingine, akiishika majani kama anavyoshika mtu uso wa mtoto gizani. Mingi aliiweka kando. Mmoja akaukalisha mapajani.

"Ndiye," akasema.

"Umejuaje, Bibi?"

"Nimekwambia ndiye, nke mwenzangu. Basi."

Nilimtazama. Najua hakujua. Mshubiri aliouchagua ulikuwa mdogo, na wa mama ulikuwa umeniacha kimo. Naye alijua kwamba nimeona. Tulitazamana hivyo, mimi na macho yangu mazima na yeye na yake yenye ukungu, kisha nikampa mkono anyanyuke.

Mahali penyewe napo tulipakisia. Bibi alihesabu kwa fimbo kutoka lilipokuwa jiko lake, akasimama, akasema hapa. Pale pale palikuwa na kijiti cha bwana shamba cha mstari wa mikorosho. Bwana shamba alikuja mwenyewe, akakichomoa kile kijiti, akakisogeza mbali na mstari wake uliokuwa umenyooka vizuri, akachukua jembe kwa kijana akachimba shimo. Kisha akampokea bibi ule mshubiri kwa mikono miwili, akaushikilia juu ya shimo, akanitazama mimi.

"Nimpande hapa, Mwalimu?"

Niliisikia ile ngeli. Vijana nao waliisikia, mmoja akageuka kunitazama.

"Mpande," nikamwambia. "Mpande hapo hapo."